Mtoto Ambaye Hakuitwa Kikaoni: Kisa cha Chanjo ya Rubela Katika Kanisa Moja la Changamwe

Kisa hiki hakina jina la kanisa wala la mtu. Nimekiunganisha kutokana na hali zinazojirudia makanisani mwetu Mombasa kila kampeni ya chanjo inapofika, kwa hiyo wahusika wake wasitafutwe mtaani. Ugonjwa, tarehe za kampeni na misimamo ya makanisa ninayoitaja ni mambo yanayojulikana.

Yaliyotokea

Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua, rubela na homa ya matumbo ilianza Jumamosi tarehe 5 Julai 2025 ikaendelea hadi tarehe 14. Sindano ya surua na rubela ilikuwa ya watoto wa miezi 9 hadi 59. Ile ya homa ya matumbo ilifika hadi miaka 14. Jumapili tarehe 6 wahudumu wa afya walikuja katika kanisa moja la Changamwe, upande wa Magongo, wakiwa na kisanduku cha baridi na kalamu ya wino wa kutia alama kidoleni. Mchungaji alikuwa ameshatangaza. Meza iliwekwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka mlango wa darasa la Shule ya Jumapili.

Darasa la watoto wadogo lina walimu wawili. Mwalimu mkubwa ni mama wa miaka thelathini na kitu, karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ana watoto wawili, wa miaka minne na wa miaka miwili, na wote wamo darasani humo. Msaidizi wake ana miaka 24, ameolewa mwaka uliopita, na wakati huo alikuwa na mimba ya wiki tisa. Habari hiyo ilijulikana na mumewe, mama mchungaji na mwalimu mwenzake basi.

Mzazi mmoja akauliza, "Mwalimu, wako washadungwa?" Mwalimu akajibu waziwazi kwamba wake hawatadungwa, na akaeleza sababu: sindano ya rubela hutengenezwa kwa seli zilizotoka kwa mtoto aliyetolewa tumboni. Hakupaza sauti wala hakumkataza mtu. Lakini ni mwalimu anayeaminiwa, na wazazi kadhaa waliwashika watoto wao mkono wakaenda zao bila kupita mezani.

Katikati ya wiki msaidizi alimwendea mama mchungaji. "Mama, naomba nipumzike darasani mpaka nijifungue." Muuguzi wa kliniki alikuwa amemweleza rubela inavyofanya kwa mimba changa, naye akaogopa. Hakutaka kumsema mwenzake. Hata hivyo habari zilivuja, na kundi la WhatsApp la wazazi likawaka moto usiku huohuo. Mtu mmoja aliandika neno moja tu, "Shakahola," na mwalimu akajiondoa kwenye kundi.

Wazee wa kanisa walikutana Jumamosi tarehe 12. Walikuwa na maswali matatu. Je, mwalimu aondolewe? Je, wazazi wadaiwe kadi za chanjo mlangoni? Au kila mtu aachiwe dhamiri yake na Mungu wake? Walizungumza jioni nzima, na mimba ya msaidizi haikutajwa mpaka kikao kilipokaribia kufungwa. Ilipotajwa, ilikuwa kama taarifa ya upungufu wa walimu: tutampata nani wa kujaza nafasi?

Kwangu mimi hapo ndipo kikao kilipopotea njia. Kiliendeshwa kama shauri kati ya mama mmoja na wazee wake, imani yake upande huu na utaratibu wa kanisa upande ule. Lakini sindano iliyokuwa ikibishaniwa, kuliko karibu nyingine zote tuwapazo watoto, lengo lake kubwa ni kumlinda mtu ambaye si yule anayedungwa. Mtu huyo alikuwepo Changamwe, ana wiki tisa, na hakuna aliyemsemea.

Kuhusu neno lililoandikwa usiku ule

Nilimalize hili kwanza. Msitu wa Shakahola uko Kilifi, jirani zetu. Mwaka 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Sisi wa Pwani tunalibeba jeraha hilo kwa namna ambayo mtu wa mbali hawezi, na baadhi yetu tuna jamaa waliopotelea kule. Kumtupia neno hilo mama ambaye huwapeleka wanawe hospitali wakiugua, aliyewachanja BCG ya kifua kikuu, polio na pepopunda, na ambaye ana swali moja kuhusu sindano moja, ni kumsingizia. Wazee walipaswa kumtetea hadharani kabla ya kumhoji, na hawakufanya hivyo. Kwa siku kadhaa baadaye mama huyu hakuweza kusikia hoja yoyote, hata iliyokuwa nzuri, kwa sababu kila aliyefungua kinywa alimsikia akimwita muuaji.

Rubela inafanya nini

Mtoto akipata rubela, mara nyingi wazazi hata hawatambui. Homa kidogo, vipele vya siku tatu, tezi zinavimba nyuma ya masikio. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Lakini mtoto huyo anaweza kuambukiza tangu takriban wiki moja kabla ya vipele kutoka hadi wiki moja baada yake, maana yake siku anazoonekana mzima kabisa, anaimba na kupeana biskuti na wenzake, tayari anatoa virusi kwa pumzi na mafua.

Mjamzito akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto aliye tumboni kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Mimba huharibika, au mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa hai akiwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, uziwi, na kasoro za moyo. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1941, alipoona watoto wachanga wengi wenye macho meupe wakiletwa kwake, na mama zao wakisema waliugua vipele mwanzoni mwa ujauzito. Mlipuko wa Marekani wa 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 wenye ulemavu huo, na mimba zipatazo 11,000 zikapotea.

Sasa tumtazame msaidizi. Kenya ilianza kuchanja rubela kwa kampeni ya Mei 2016, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Yeye wakati huo alikuwa na miaka 15. Chanjo ilimpita kwa mwaka mmoja tu. Huenda aliugua utotoni bila kujua na mwili wake una kinga, huenda hakuugua. Vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito katika hospitali zetu za serikali havina kipimo cha rubela. Wala hawezi kwenda sasa akadungwa, kwa kuwa chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa na haitolewi kwa mjamzito. Kwa miezi hii mitatu ya mwanzo hana jambo lolote awezalo kulifanya kwa mwili wake ili ajilinde. Kinga yake yote iko mikononi mwa watu wengine, na zaidi ya wote iko kwa watoto wanaomrukia magotini kila Jumapili.

Nataka msomaji akae na jambo hilo kidogo, kwa sababu kisa chote kinasimama juu yake. Kwa surua unaweza kusema unamchanja mwanao kwa ajili ya mwanao, maana surua huua mtoto. Kwa rubela mwanao angepona bila sindano, karibu kila mara. Ukimdunga unampa pengine homa ndogo na vipele vichache baada ya wiki moja, kwa ajili ya mtoto wa mwanamke mwingine ambaye huenda humjui.

Hoja za mwalimu

Mwalimu alikuwa na hoja nne, na wazee walizijibu kwa haraka kana kwamba ni moja. Nitazichukua moja moja, na baadhi nitazipitia upesi.

Ya kwanza ilikuwa Zaburi ya 91: "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Zaburi hii tuliisoma sana mwaka 2020, makanisa yalipofungwa na Mji wa Kale ukazuiwa kuingika na kutoka. Ni zaburi ya faraja kweli, na sina neno na mtu aliyelala nayo chini ya mto. Ila kuna aliyeinukuu kabla yetu. Ibilisi alimsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, na maneno aliyotumia kumshawishi yanatoka katika zaburi hiyohiyo, mahali panaposema malaika wataagizwa wamlinde. Yesu hakuikana zaburi. Alijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Na katika kisa chetu kuna la zaidi: aliye hatarini si yule aliye kinarani. Mwalimu akiruka, anayeanguka ni mtoto wa msaidizi.

Ya pili ni kutoamini. Alisema, "Maaskofu wenyewe walisema chanjo zina kitu." Hapa alikuwa na kumbukumbu nzuri. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilitiwa homoni ya kuharibu uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikana. Mwaka uliofuata wakawataka waumini wasusie kampeni ya polio. Mwezi Machi 2021, chanjo za korona zilipofika nchini, chama cha madaktari Wakatoliki kiliwaambia watu wasizikubali, na safari hii maaskofu wenyewe wakatofautiana nacho waziwazi. Mkristo wa kawaida aliyesikia yote hayo katika miaka saba anafaa kuelewa nini? Wazee walimcheka mama huyu kwa kuwa na shaka, na shaka hiyo ilipandwa mimbarini. Kanisa lililopanda lina wajibu wa kukaa chini na kung'oa, polepole, kwa kujibu maswali. Kejeli haing'oi kitu.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya seli.

Alichosema mwalimu ni kweli. Sehemu ya rubela katika chanjo hukuzwa ndani ya seli za binadamu, na koo mbili za seli zinazotumika zaidi duniani zilianzia kwa mimba mbili zilizotolewa miaka ya sitini: moja mwaka 1962, ukoo uitwao WI-38, na nyingine mwaka 1966, uitwao MRC-5. Mimba hizo hazikutolewa ili chanjo itengenezwe, wala hakuna nyingine inayohitajika. Seli zimekuwa zikizaliana maabara tangu wakati huo. Ndani ya kichupa hamna kiungo cha mtoto. Bado chanzo kinabaki kuwa hicho. Mzee mmoja alimwambia mwalimu, "Mama, hayo ni uongo wa mtandaoni," na kwa sentensi hiyo akapoteza haki ya kusikilizwa, kwa sababu mwalimu alikuwa amesoma na yeye hakuwa amesoma.

Tukishakubali ukweli, tunaweza kuuliza swali la Kikristo: je, anayefaidika leo anashiriki dhambi ya jana? Kanisa Katoliki limelitafakari hili kuliko wengi wetu. Chuo cha Kipapa cha Uhai kiliandika mwaka 2005 kwamba wazazi wanaruhusiwa kuitumia chanjo ya rubela pale isipopatikana nyingine isiyo na chanzo hicho, huku wakiendelea kudai nyingine itengenezwe. Na kikaongeza jambo ambalo mwalimu hakuwahi kuonyeshwa na video yoyote: mzazi anayekataa kumchanja mwanawe rubela anabeba sehemu ya lawama kwa ulemavu wa watoto watakaoambukizwa tumboni, na kwa mimba zitakazotolewa kwa sababu ya ulemavu huo. Desemba 2020, wakati wa korona, Vatikani ikarudia kwamba inakubalika kimaadili kupokea chanjo za namna hiyo ambapo nyingine hakuna. Ilisema chanjo iwe ya hiari. Lakini ikasema pia kwamba anayekataa kwa dhamiri ana wajibu wa kufanya kila awezalo asiwe njia ya kupitisha ugonjwa, hasa kwa wale wasioweza kuchanjwa.

Mwalimu alisema, "Mimi si Mkatoliki, Papa si wangu." Sawa. Basi tumsikilize Martin Luther, ambaye mwaka 1527 tauni iliingia mjini kwake Wittenberg naye akabaki kuwahudumia wagonjwa. Aliandika kwamba atamwomba Mungu amlinde, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na hatakwenda mahali asipohitajika, asije akawaambukiza wengine na kuwa sababu ya kifo chao kwa uzembe wake. Mtu huyu alihubiri wokovu kwa imani peke yake. Hakuona kwamba dawa inaipunguza.

Mahali pa Biblia panapofanana zaidi na hoja hii ni 1 Wakorintho 8, juu ya nyama iliyotolewa sanamu. Mwalimu mwenyewe alipataja: dhamiri yangu inaniuma, na Paulo amesema msiijeruhi dhamiri ya ndugu. Ni kweli Paulo alisema hivyo, na ndiyo maana sitaki mama huyu ashikwe mkono kwa nguvu hadi mezani. Lakini angalia Paulo anaelekea wapi katika sura zile. Swali lake la mwisho si kama nyama ni safi. Swali lake ni nani ataumia kwa kitendo changu. Mwenye haki ya kula anaambiwa aiache haki yake kwa ajili ya aliye dhaifu. Katika darasa lile la Changamwe, dhaifu ni nani? Mama mwenye kazi, elimu na sauti, au mtoto wa wiki tisa?

Kuna la mwisho juu ya seli, na linaniuma kulisema. Virusi vyenyewe vilivyotumika kutengeneza chanjo hii, aina iitwayo RA 27/3, alivipata mtafiti Stanley Plotkin wa Philadelphia katika mimba iliyotolewa kwa sababu mama aliambukizwa rubela. Wakati wa mlipuko ule wa Marekani wanawake wengi walitoa mimba kwa hofu ya ulemavu. Chanjo ndiyo iliyoifuta hofu hiyo: mwaka 2015 bara zima la Amerika, kaskazini hadi kusini, lilitangazwa kuwa halina tena rubela inayoenea humohumo. Anayechukia utoaji mimba, kama mimi ninavyouchukia, ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka rubela iishe.

"Wangu wawili tu watamdhuru nani?"

Hoja ya nne ndiyo niliyoiona inawashinda wazee wote, maana walinyamaza. Mwalimu alisema, "Wengi wameshachanjwa. Wangu wawili tu watamdhuru nani? Na wakiugua, wataugua wangu."

Sehemu ya pili nimekwisha ijibu: wakiugua rubela, anayelipa ni mwingine. Sehemu ya kwanza inahitaji maelezo, kwa sababu rubela ina tabia ambayo watu wengi hawaijui.

Mahali ambapo hakuna chanjo kabisa, karibu watoto wote huugua rubela wakiwa wadogo, wanapata kinga, na wengi wanafika umri wa kuzaa wakiwa salama. Mahali wanapochanjwa karibu wote, virusi havipati pa kupita na wajawazito wako salama. Hatari iko katikati. Wakichanjwa nusunusu, virusi hupungua mwendo bila kuisha. Watoto wengi wanakua bila kuugua na bila kuchanjwa, wanafika miaka ishirini na kitu wakiwa hawana kinga, na ndipo virusi vinawakuta, wakati wa kubeba mimba. Ugiriki iliyaona haya. Ilianza kuchanja rubela miaka ya sabini lakini kwa miaka mingi ikawafikia chini ya nusu ya watoto. Mwaka 1993 mlipuko ulipokuja, uliwakuta vijana na wajawazito, na nchi ikazaa watoto wengi wenye ulemavu wa rubela kuliko ilivyowahi kuona kabla ya hapo. Ndiyo maana kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi zisianze chanjo hii kama haziwezi kuwafikia watoto wasiopungua asilimia 80.

Kwa surua kipimo ni kikali zaidi. Mgonjwa mmoja katikati ya wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, na virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Inahitajika asilimia 95 ili ikome. Darasa la watoto arobaini linaweza kubeba wawili wasiochanjwa, na nafasi hizo mbili zina wenyewe: kichanga cha miezi sita ambaye hajafikia umri wa sindano, na mtoto aliye katika matibabu ya saratani ambaye chanjo hai haimfai. Hizo ndizo nafasi alizokalia mwalimu kwa ajili ya wanawe, na akiwavuta wazazi wengine kadhaa nyuma yake, hazikuwa tena mbili.

Wala mambo hayaishii kanisani. Mwalimu anaishi katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja. Chumba cha tatu wamehamia maharusi wa Kiislamu, na bi harusi ni msichana wa miaka 22. Watoto wa mwalimu hushinda kwake wakila viazi vya karai. Yule mwanasheria wa Luka alipouliza jirani yangu ni nani, alijibiwa kwa mfano wa mtu wa dini nyingine. Mombasa hatuhitaji hata kuufikiria mfano ule. Tunaishi ndani yake.

Torati ina amri ambayo sisi Wakristo hatuihubiri, Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, weka ukuta kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yako. Anayejua mapaa ya Mji wa Kale anaelewa mara moja. Mwenye nyumba anajua dari yake ilipoishia hata gizani. Ukuta ule anaujenga kwa ajili ya mgeni, na gharama yake anailipa yeye. Mungu hakumwachia achague kama imani yake kwa malaika inatosha. Kama ningeitwa kikaoni ningesoma mstari huo kwanza.

Walichoamua, na nisichokubaliana nacho

Mgeuko ulitoka kwa mama mchungaji. Karibu na mwisho alisimama akasema, "Wazee wangu, tumemjadili dada yetu jioni nzima. Yule binti aliyeacha darasa tumemwuliza nini?" Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Wakampigia simu palepale. Alisema anapenda kufundisha na angerudi kesho yake kama angejua darasa ni salama, na akaomba mwalimu asifukuzwe.

Waliamua mambo matatu. Mwalimu asilazimishwe kuwachanja wanawe, na yeyote aliyemtukana kundini amwombe radhi kundini humohumo. Mpaka msaidizi ajifungue, watoto wa mwalimu wakae na mama yao katika ibada ya wakubwa, na yeye apumzike darasa la wadogo, afundishe la vijana kama atapenda. Na kuanzia Agosti kila mzazi aje na kadi ya chanjo.

La kwanza na la pili nayakubali kwa moyo wote. La pili lilimwuma mwalimu, akaliita adhabu, na wazee wengine wakayumba. Mimi siyumbi. Dhamiri ina haki ya kukataa. Haina haki ya kumpelekea mwenzako bili. Mwanzoni aliyekataa chanjo ndiye aliyebaki darasani, na aliye dhaifu ndiye aliyeondoka kimya. Uamuzi uliugeuza mpangilio huo, na "kila mtu aangalie mambo ya wengine" ya Wafilipi 2:4 ikapata miguu. Kuna swali lililoulizwa hapo ambalo nalijibu kwa kuwa linarudi kila mahali: je, watoto wanaochanjwa sasa hawatamwambukiza mjamzito kwa virusi vya sindano? Hapana. Watoto wa wajawazito huchanjwa rubela duniani kote bila wasiwasi. Anayekatazwa sindano ni mjamzito mwenyewe.

La tatu nalipinga. Kadi mlangoni itawafukuza wasiokusudiwa. Familia nyingi za kanisa lile zinatoka mtaa wa mabanda uitwao Bangladesh kule Jomvu, ambako mabanda huungua na kufurika na karatasi hupotea nayo. Mama wa hivyo hatakuja kujieleza kwa mzee mlangoni. Atabaki nyumbani, na mwanawe ambaye pengine alichanjwa atakosa Shule ya Jumapili. Kanisa lingefanya vyema zaidi kumwomba mhudumu wa afya ya jamii aje Jumapili moja kila baada ya miezi michache, akae na akina mama, atazame nani amekosa sindano ya miezi 9 na ya miezi 18, na awapeleke kwa miguu hadi kituo cha afya.

Ningeongeza la nne ambalo hakuna aliyelifikiria. Kanisa lile huwapa wachumba mafunzo ya ndoa ya wiki kadhaa kabla ya harusi. Huzungumziwa fedha, wakwe, hata kipimo cha UKIMWI. Rubela haitajwi. Msichana wa Mombasa aliyekuwa na miaka 15 au zaidi mwaka 2016 ni wa rika lililorukwa na kampeni ile. Akiambiwa mapema anaweza kuulizia chanjo katika hospitali ya binafsi, adungwe, asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na asiwe tena mtu wa kutegemea watoto wa wenzake. Inalipiwa, na si kila mchumba ataweza. Mfuko wa akina mama unaonunua mapambo ya ukumbi wa harusi unaweza kulipia na hilo.

Mwalimu alikwenda kufundisha vijana. Wanawe hawakudungwa katika kampeni ile. Wiki mbili baadaye alimwuliza mama mchungaji kama kuna chanjo ya surua peke yake isiyo na rubela, ili angalau hiyo wapate. Katika vituo vya serikali sindano ni moja yenye zote mbili. Akaomba aandikiwe lile fungu la Chuo cha Kipapa la 2005 kwa Kiswahili alisome mwenyewe, na mama mchungaji ameketi kulitafsiri.